Kuchagua Pikapu: Toleo la Msingi au Toleo la Juu?

Mazungumzo na wananchi wa Kihagara, mwambao wa Ziwa Nyasa

Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo moja tu, nalo ni ununuzi wa pikapu. Twajua kwamba kwa wengi walioketi hapa gari hilo halitakuwa moja kati ya mengi. Litakuwa la pekee, litanunuliwa kwa fedha za kahawa, za mihogo, za dagaa au za mkopo wa kikundi, na kosa litakalofanyika siku ya kulinunua litakaa nyumbani mwenu kwa miaka mingi.

Tuanze na kisa kilichofika mezani kwetu. Majina tunayaacha, kwa kuwa nia yetu si kumwaibisha mtu. Ndugu watatu walichanga akiba yao ili wanunue pikapu ya kupandisha dagaa Mbinga na kurudi na mahindi pamoja na bidhaa za duka. Muuzaji aliwaonyesha magari mawili ya kampuni moja, ya umri mmoja, yote ya kabini mbili. La kwanza lilikuwa na rimu za chuma, viti vya kitambaa na bampa nyeusi ya plastiki. La pili lilikuwa na rimu zinazong'aa, viti vya ngozi, kioo kikubwa cha redio mbele ya dereva, na vipande vya kromu mlangoni. Wakaongeza shilingi milioni 12 wakachukua la pili.

Mvua za Januari ziliponyesha, gari lilikwama kwa siku mbili kwenye udongo, na dagaa ambao hawakuwa wamekauka sawasawa wakaharibika. Ndugu wale wakaja kwetu wakisema wamedanganywa. Tuliposoma karatasi zao hatukuona uongo wowote. Kila kitu walichoahidiwa walikuwa wamepewa. Gari lao lilisukuma magurudumu mawili ya nyuma tu, na hilo lilikuwa limeandikwa. Lile la rimu za chuma, waliloliacha uwanjani, ndilo lililosukuma magurudumu manne. Hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyewaambia. Hatukuwa na msaada wa sheria wa kuwapa.

Kisa hicho ndicho kilichotuleta hapa. Sheria yaweza kumsaidia mtu aliyedanganywa, lakini ni vigumu kumsaidia mtu aliyepewa alichokichagua mwenyewe. Ulinzi wa kwanza wa mnunuzi ni swali lake kabla ya kulipa.

Toleo ni nini

Kampuni za magari hutengeneza pikapu ya aina moja kwa madaraja kadhaa. Chesisi ni ile ile, na umbo la nje ni lile lile, lakini vifaa hutofautiana. Daraja la chini tutaliita toleo la msingi, na daraja la juu, ambalo mitaani huitwa "fulu", tutaliita toleo la juu. Kwa Ford Ranger, kwa mfano, herufi XL huwa ni za toleo la msingi, XLT ni za daraja la kati, na Wildtrak ni jina la daraja la juu. Kampuni nyingine zina majina na herufi zao.

Majina hayo yana hila moja. Hayana maana ile ile katika nchi zote wala katika miaka yote. Kifaa kilichokuwa cha toleo la juu mwaka mmoja huweza kuwa cha msingi miaka michache baadaye, na gari lililouzwa nchi nyingine huweza kubeba jina lile lile likiwa na vifaa pungufu. Zaidi ya hayo, kibandiko cha nyuma ya gari hung'oka na hununuliwa dukani. Kwa hiyo msinunue jina. Nunueni orodha ya vifaa, kimoja baada ya kingine, kama mnavyohesabu magunia na si kuyakadiria kwa macho.

Tena, maswali mawili yasichanganywe. Swali la kabini moja au kabini mbili ni jambo la watu mtakaowabeba. Swali la toleo la msingi au la juu ni jambo la vifaa. Wauzaji wengi huyaunganisha, kana kwamba anayetaka viti vitano hana budi kuchukua viti vya ngozi. Mara nyingi pikapu ya kabini mbili ya toleo la msingi ipo. Haipendi tu kusimamishwa mbele ya duka.

Mafungu matatu

Sisi huwashauri wanunuzi wachukue karatasi na kugawa vifaa vyote katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vifaa vinavyofanya kazi: uwezo wa kubeba, springi, mwendo wa magurudumu manne ambao madereva wetu huuita fowili, gia nzito ya ziada ya mlimani, na kifungo cha difu. Fungu la pili ni vifaa vinavyookoa maisha: breki zenye mfumo wa ABS, mfumo wa kulituliza gari lisipoteze mwelekeo, mikanda ya viti vyote, mifuko ya hewa, na taa zinazomulika vizuri. Fungu la tatu ni vifaa vinavyopendeza: ngozi, kromu, kioo cha redio, rimu za kung'aa, ngazi za pembeni, rangi ya pekee.

Ukitazama mafungu hayo utaona tofauti kubwa. Vitu vingi vya fungu la tatu vyaweza kuongezwa baadaye, kidogo kidogo, fedha zikipatikana. Redio hufungwa Songea kwa saa chache. Viti hushonewa vitambaa vipya. Turubai la kufunika mizigo na plastiki ya kukinga bodi la nyuma vinanunuliwa siku yoyote. Lakini hakuna fundi wa kawaida atakayeliongezea gari mifuko ya hewa ambayo haikutoka nayo kiwandani. Hakuna njia rahisi ya kuligeuza gari la magurudumu mawili liwe la manne. Breki za ABS haziongezwi chini ya mwembe.

Kanuni yetu basi ni hii, na tungependa mwondoke nayo hata mkisahau mengine yote: lipieni kwanza kile kisichoweza kuongezwa baadaye. Kile kinachoweza kuongezwa kingoje zamu yake.

Kanuni hiyo haisemi kwamba toleo la msingi ndilo bora siku zote. Kwa baadhi ya kampuni fowili, ABS na mifuko ya hewa vimo tangu toleo la msingi, na hapo hakuna sababu ya kazi ya kupanda juu. Kwa nyingine vifaa hivyo huanza daraja la kati, na hapo kulipia daraja hilo ni busara. Mwenye kuitumia kanuni atajikuta mara nyingi amesimama katikati: si kwenye gari tupu kabisa, wala si kwenye lile linalong'aa.

Hesabu ya mzigo

Kila pikapu ina uzito wa juu kabisa ambao haitakiwi kuupita, yaani gari lenyewe, dereva, abiria, mafuta na mizigo kwa pamoja. Uzito huo umeandikwa katika nyaraka zake, na mara nyingi kwenye kibati cha kiwandani. Ukiondoa uzito wa gari likiwa tupu, kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kubeba. Hapa ndipo toleo la juu linapomla mwenyewe bila kelele. Viti vizito, ngazi za pembeni, vyuma vya kulinda bampa, vifuniko na mapambo vyote vina kilo, na kilo hizo hutolewa kwenye mzigo wako.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, ambao si wa gari fulani. Pikapu mbili za kabini mbili zina ukomo mmoja wa kilo 2,910. Ya toleo la msingi ikiwa tupu ina kilo 1,930. Inabakiza kilo 980. Ya toleo la juu ikiwa tupu ina kilo 2,070. Inabakiza kilo 840. Wakiingia watu watano wa kilo 70 kila mmoja, tunaondoa kilo 350. Ya kwanza inabaki na kilo 630, yaani magunia sita ya kilo 100. Ya pili inabaki na kilo 490, yaani pungufu kidogo ya magunia matano. Gunia moja na zaidi limeachwa kijijini kila safari, na mwenye gari amelipa fedha zaidi ili aliache.

Tunajua mtatuambia kwamba pikapu hubeba zaidi ya hapo na hufika. Hufika, ndiyo, mpaka siku isiyofika. Springi hulala, tairi hupata joto, breki huchelewa, na kampuni ya bima hupata sababu ya kuuliza maswali. Tukumbuke pia kwamba lumbesa si gunia la kilo 100, hata kama wote tunaliita gunia. Anayepakia lumbesa sita hajui amepakia kilo ngapi.

Mlima na tope

Nchi yenu ina sura yake, na gari lazima lichaguliwe kwa sura hiyo. Ziwa letu liko chini, kiasi cha mita 470 na kitu juu ya usawa wa bahari, na Mbinga iko kwenye milima ya Umatengo, juu ya mita 1,000. Barabara ya lami kutoka Songea kupita Mbinga hadi Mbamba Bay imepunguza taabu kubwa, lakini mteremko haukuondolewa na lami. Kipande cha Mbinga hadi Mbamba Bay ni kama kilomita 66, na ndani yake gari hushuka mamia ya mita. Na mtu akiacha lami na kufuata njia za mwambao na za mashambani, kuanzia Novemba hadi Aprili hukutana na udongo unaoteleza na vijito vilivyojaa.

Kwa safari za namna hiyo, gia nzito na fowili vina thamani kuliko kitu chochote kilichofunikwa kwa ngozi. Kushuka mlima ukiwa na mzigo hutakiwi kutegemea breki peke yake, maana breki zikipata joto jingi hupoteza nguvu. Injini yenyewe, katika gia ya chini, ndiyo inayolizuia gari. Kabla ya kununua, ombeni kulijaribu gari kwenye mwinuko, na muuzaji aonyeshe gia nzito ikiingia na kutoka. Kama atasema "ipo lakini haijatumika siku nyingi", basi hesabuni kwamba haipo.

Rimu nazo zina somo lake. Toleo la msingi mara nyingi huwa na rimu za chuma za inchi 15 hadi 17 na tairi nene za mizigo. Toleo la juu huweza kuwa na rimu za aluminiamu za inchi 17 au 18 na tairi zenye ubavu mfupi. Rimu ya chuma ikigonga jiwe hukunjika, na fundi huweza kuigonga ikarudi. Ya aluminiamu huweza kupasuka, na ikishapasuka yatakiwa kutupwa. Ulizeni bei ya tairi moja ya kila saizi pale Mbinga na Songea, na ulizeni kama ipo dukani leo. Gari lililosimama wiki mbili likingoja tairi kutoka Dar es Salaam halimlipi mtu.

Kinachookoa maisha

Fungu la pili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, kwa sababu halionekani wala halileti faida siku ya soko. Lakini tufikiri ukweli wa maisha yetu. Pikapu ya kijiji ndiyo inayompeleka mgonjwa hospitali ya Liuli usiku. Ndiyo inayobeba mama mjamzito, watoto wa shule, na wazee wanaokwenda msibani. Kinachowalinda watu hao hakitazamwi kwa rangi yake.

Jambo lililowahi kupimwa hadharani latufundisha. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP, ambalo hupima usalama wa magari kwa kuyagongesha, lilipima pikapu mpya ya Nissan NP300 Hardbody iliyokuwa ikiuzwa Afrika. Ilikuwa na mifuko ya hewa mbele. Hata hivyo ilipata nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima, kwa kuwa kabini yenyewe haikuhimili pigo. Baadaye shirika hilo liliigonganisha pikapu hiyo ya Afrika uso kwa uso na pikapu ya kampuni ile ile iliyotumika, iliyouzwa Ulaya. Wapimaji walisema dereva wa ile ya Ulaya pengine angetoka akitembea, na dereva wa ile ya Afrika pengine angekufa.

Tunapata mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba upya wa gari si usalama wake. La pili ni kwamba kuwapo kwa mfuko wa hewa ni mwanzo wa swali na si mwisho wake. Ulizeni aina hiyo ya gari ilipimwa na nani, na ilipata nyota ngapi. Kijana yeyote mwenye simu aweza kuwatafutia jibu kabla hamjapanda basi la kwenda mjini.

Kwa gari lililotumika kuna kipimo kidogo kisicho na gharama. Washeni swichi bila kuwasha injini, mkitazama taa ndogo mbele ya dereva. Taa ya mifuko ya hewa na taa ya ABS zatakiwa ziwake kwa muda mfupi kisha zizime. Zikibaki zinawaka, kuna hitilafu. Zisipowaka kabisa, hilo ni baya zaidi, kwa maana huenda mtu ameziondoa ili msione hitilafu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Starehe si dhambi

Tusiwe wakali kupita kiasi. Kuna mnunuzi ambaye toleo la juu linamfaa. Mtu anayesafiri kila wiki hadi Songea, mwenye mzee wa miaka 75 katika kiti cha nyuma, na ambaye mzigo wake ni mwepesi, hapotezi fedha akilipia kiti kizuri. Kiyoyozi katika vumbi la Septemba humwezesha dereva kufunga vioo na kupumua, na dereva asiyechoka hufanya makosa machache. Kamera ya nyuma huweza kumwokoa mtoto anayecheza uani. Kitu hakiwi ovyo kwa sababu kinapendeza.

Tunachoomba ni kwamba kila starehe ipewe bei yake kwa hesabu ya kazi. Turudi kwa ndugu watatu na milioni zao 12. Tuseme safari moja ya Mbinga huwaachia Sh 60,000 baada ya mafuta na dereva. Milioni 12 ni safari 200. Wakienda mara tatu kwa wiki, ni wiki 67, yaani zaidi ya mwaka mmoja na miezi mitatu ya kupanda mlima kwa ajili ya ngozi na kromu. Na kama fedha hizo ni za mkopo wenye riba ya asilimia 18 kwa mwaka, riba ya mwaka wa kwanza peke yake hukaribia Sh 2,160,000. Mtu aliyeiona hesabu hiyo na bado akachagua toleo la juu amechagua kwa macho yaliyofunguka, nasi hatuna neno.

Gharama zinazofuata

Bei ya siku ya kununua ni mlango tu. Bima kubwa hukadiriwa kwa thamani ya gari, hivyo toleo la juu hudai zaidi kila mwaka. Vioo vya umeme, sensa, kompyuta ya gari na taa za kisasa huhitaji fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Ulizeni fundi huyo yuko wapi, na ni nani atakayemleta gari likizimika Lituhi. Injini za dizeli za kisasa, za toleo lolote, hazivumilii mafuta machafu; nozeli zake ni ghali. Ikiwa huku kwenu mara nyingi mafuta huuzwa kwenye madumu, jambo hilo liingie katika hesabu yenu, na chujio la mafuta libadilishwe kwa wakati.

Kwa watakaobeba mizigo ya watu kwa malipo, kumbukeni leseni ya LATRA na usajili wa gari kama chombo cha biashara. Mambo hayo yaulizwe kabla ya kununua, maana huathiri bima na matumizi yote. Na kubeba abiria juu ya mizigo si biashara halali, hata kama dereva ni jirani yetu na tunampenda.

Siku ya kununua

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtakachoahidiwa kiandikwe. Mwambieni muuzaji aandike katika mkataba au ankara aina ya gari, mwaka wake, namba ya chesisi, toleo lake, na kila kifaa mlichokubaliana. Iandikwe wazi: "magurudumu manne, yenye gia nzito", au "magurudumu mawili". Linganisheni namba ya chesisi iliyogongwa kwenye gari na ile ya kwenye kadi. Wakala wa kampuni iliyotengeneza gari mara nyingi aweza kuisoma namba hiyo na kusema gari lilitoka kiwandani likiwa na nini. Dai risiti ya EFD, na uitunze mbali na moto na maji.

Maandishi hayo yana nguvu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inadai bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kusema uongo juu ya ubora, daraja au historia ya bidhaa, ikiwa pamoja na kuuza kilichotumika kana kwamba ni kipya. Mtu aliyeuziwa toleo la msingi lililobandikwa jina la toleo la juu anaweza kulalamika, na Tume ya Ushindani ni mahali pamoja pa kupeleka lalamiko hilo. Lakini atakayeulizwa ushahidi ni yeye. Aliyeahidiwa kwa mdomo atajibu kwa mdomo. Aliyeandikiwa atajibu kwa karatasi.

Nendeni na fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Mlipeni siku yake. Nendeni mchana, wakati wa jua, na msilipe siku ile ile mliyoliona gari. Muuzaji atakayesema kuna mnunuzi mwingine anayekuja jioni, mwambieni amkaribishe.

Maswali ya kwenda nayo

Tunamaliza kwa maswali saba, ambayo tunaomba mmoja wenu ayaandike ili yasomwe mbele ya muuzaji.

1. Uzito wa juu wa gari hili ni kilo ngapi, na likiwa tupu lina kilo ngapi?

2. Linasukuma magurudumu mawili au manne, na lina gia nzito? Tuonyeshwe.

3. Lina mifuko ya hewa mingapi, na lina ABS? Taa zake zinawaka na kuzima?

4. Aina hii ilipimwa usalama na nani, na matokeo yalikuwa nini?

5. Kifaa gani cha toleo la juu hakiwezi kufungwa baadaye? Vingine vyote bei yake ni kiasi gani vikitafutwa dukani?

6. Tairi, rimu na vipuri vyake vinapatikana Mbinga au Songea?

7. Je, yote uliyosema uko tayari kuyaandika na kutia sahihi?

Ndugu zetu, wale watatu tuliowataja bado wanalo gari lao. Wamelikubali, wamejifunza kungoja njia ikauke, na mwaka hadi mwaka wanalipa. Mkubwa wao alituambia kwamba kila anapoipita pikapu ya rimu za chuma ikipanda na mzigo wakati wa mvua, huitazama mpaka ipotee kwenye kona. Tungependa asiwepo mwingine wa Kihagara wa kuitazama hivyo. Kuuliza si ujinga, na swali halilipiwi ushuru. Ulizeni kwanza, andikeni pili, lipeni mwisho.